Ufunguo wa pini 25: kisa cha kompyuta ya duka la vifaa vya ujenzi, Lubumbashi

Kazi hii, ya kuhamishia programu ya zamani ya duka kwenye kompyuta nyingine, niliifanya mimi mwenyewe. Jina la duka, mtaa wake na tarehe nimeviondoa, na mambo mawili matatu ambayo yangemfanya jirani aseme "ah, ni kwa fulani" nimeyabadilisha. Upande wa ufundi sikuugusa: kila kilichokataa na kila kilichokubali kiko kama kilivyokuwa.

Duka na mashine yake

Duka linauza saruji, mabati, misumari, rangi na mabomba. Mwenyewe ni mzee ambaye kila mtu pale, hadi wabeba mizigo, anamwita Papa, nami nitamwita hivyo. Alinunua kompyuta mwaka 2001 na tangu siku hiyo hakubadilisha kitu: Pentium III, Windows 98, diski ya GB 20 ya aina ya zamani ya IDE, na printa ya sindano aina ya Epson LX-300.

Ndani yake mlikuwa na programu ya ankara (faktire, kama tunavyosema hapa) iliyoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Clipper na fundi mmoja ambaye alihama mji zamani na simu yake haiiti tena. Ni programu ya DOS, mfumo uliotangulia Windows: skrini ya bluu, herufi nyeupe, kila kitu kwa vitufe vya F1 hadi F10. Mama wa kaunta huiendesha huku akizungumza na mteja, bila kutazama kibodi. Humo ndimo yalimo madeni ya wateja wote wanaochukua saruji leo na kulipa mwisho wa mwezi.

Nyuma ya kompyuta, kati ya kebo ya printa na poti ya LPT (ile poti ya zamani ya printa), kulikuwa na kidude cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti na pini 25. Ni ufunguo wa programu. Kila programu inapoanza hukiuliza swali kupitia poti, na kisipojibu hujifunga. Fundi wa kwanza aliuza programu yake kwa namna hiyo ili isinakiliwe duka la jirani.

Kuhusu printa, najua mtu atauliza kwa nini wasinunue leza. Ankara ya pale ni karatasi tatu zenye kaboni: nyeupe ya mteja, ya waridi ya depo, ya njano ya duka. Sindano hugonga, kwa hiyo maandishi hufika hadi karatasi ya tatu. Leza haigongi, hupaka wino wa unga juu tu. Na mlinzi wa depo hatoi hata mfuko mmoja wa saruji bila karatasi ya waridi.

Mvua za kwanza zilipoanza, umeme ukacheza usiku kucha, na asubuhi mashine haikuwaka. Mtoto wa Papa tayari alikuwa amenunua kompyuta nyingine, ya mezani, iliyotumika ofisini, kwa mtu anayepitisha mizigo Kasumbalesa, mpakani na Zambia: ya mwaka 2012 hivi, memori GB 8, Windows 10 ya biti 64. Aliileta kaunta, akazunguka nyuma yake na kebo ya printa mkononi, hakuona pa kuichomeka. Ndipo nikaitwa.

Papa alinipokea na sentensi moja: "Mutoto, miye siko natafuta makina ya mupya. Niko natafuta madeni yangu."

Nilichokikuta

Bodi mama ya zamani ilikuwa na kapasita saba zilizovimba vichwa karibu na prosesa, mbili zimetoa ute wa kahawia. Kwa bodi za miaka ile ni ugonjwa wa kawaida, na mara nyingi hutosha kubadilisha kapasita tu. Hapa njia ya shaba chini ya moja ilikuwa imeungua na transista za kulisha prosesa nazo zimekufa. Nilimwambia Papa kwamba ningeweza kuifufua, lakini nisingeweza kumwahidi kwamba itafika Pasaka. Tukakubaliana: vya zamani vihamie kwenye mashine mpya.

Mashine mpya haikuwa na IDE. Katika chipu za Intel za kompyuta za mezani IDE iliondolewa na toleo la ICH8 mwaka 2006, hivyo kwenye bodi ya 2012 kuikuta ni bahati. Haikuwa na LPT mgongoni. Na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS hata kidogo, kwani kile kipande kilichokuwa kikizibeba katika Windows za biti 32 hakimo. Vikwazo vitatu basi: diski, poti, na mfumo. Nilianza na diski, kwa kuwa poti ikishindikana Papa atapoteza raha, lakini diski ikifa atapoteza fedha.

Siku ya kwanza: madeni

Nilikuwa na adapta ya IDE kwenda USB yenye umeme wake. Diski ikazunguka, kompyuta yangu haikuona kitu. Kijana ninayefanya naye kazi akasema adapta imeharibika. Nikaangalia jampa, kile kidude kidogo kinachounganisha pini mbili: diski ilikuwa imewekwa iwe ya pili, kwa kuwa miaka yote ilishiriki kebo na kisomeo cha CD. Adapta nyingi za namna hii zinataka diski iwe ya kwanza. Nikahamisha jampa, ikaonekana.

Kabla ya hapo lakini kulikuwa na pini. Mtu fulani, na sikuuliza ni nani, alikuwa amejaribu kuchomeka kebo kinyume, na pini moja kati ya zile za diski ilikuwa imelala chali juu ya mwenzake. Pini kama hiyo ukiinyoosha kwa koleo hukatika. Mimi hutumia kalamu ya risasi ya kubonyeza: naitoa risasi, navisha ile ncha ya chuma juu ya pini kama kofia, kisha nainua taratibu, nasimama, nainua tena. Ilichukua dakika kama tano na ilisimama. Sijui kazi nyingine ambayo ninaifanya bila kupumua.

Sikufungua faili lolote kwanza. Niliwasha Linux kutoka flashi na kunakili diski nzima kwa programu ya ddrescue, ambayo hupita haraka sehemu nzima, kisha hurudi kwenye sekta mbovu mojamoja na kuandika ilipofikia. Diski iliyozeeka huenda ina safari moja tu iliyobaki. Kuitumia kutazama picha za folda ni kuichezea. Sehemu kubwa ilipita chini ya nusu saa, sekta chache zikakataa hadi jioni. Zilikuwa ndani ya folda ya Windows, si ya programu.

Data yote ya duka, miaka zaidi ya ishirini, ilikuwa MB 38.

Clipper huhifadhi data katika mafaili ya DBF, na LibreOffice Calc, programu ya majedwali, huyafungua moja kwa moja. Ukiulizwa seti ya herufi uchague 850, la sivyo kila jina lenye "é" litatoka limeharibika. Saa kumi na mbili jioni nikamchapia Papa orodha ya wadaiwa kurasa kumi na moja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaisoma kwa kidole, akasema jina moja kwa sauti na kucheka. Tangu hapo hakuna aliyenipigia simu kuniharakisha, na kwa kazi iliyofuata nilihitaji hivyo.

Ufunguo: siku tano za kujikwaa

Njia ya kwanza ilikuwa kebo ya USB yenye kichwa cha LPT. Nilijua udhaifu wake, lakini iko sokoni na ni bei ndogo. Printa ilichapa kutoka Windows papo hapo, mtoto wa Papa akapiga makofi. Ufunguo haukujibu, na hauwezi kujibu: kebo ile si poti, ni kifaa cha kuchapia kilichovaa umbo la poti. Programu ya zamani haisemi "chapa", inagusa nyaya zenyewe kwenye anwani ya 378h (namba ambayo poti hupatikana kwayo ndani ya mashine), inapandisha huu, inashusha ule, inasoma kilichorudi. Nyuma ya kebo ya USB hakuna anwani ya kugusa. Mtu anaweza kuona kichwa cha pini 25 kimeingia vizuri na skrubu zimekaza akadhani kazi imeisha.

Njia ya pili, kadi ya PCI Express yenye LPT halisi. Tuliisubiri siku tatu. Wakati huo nilikuwa nimeshaamua kwamba programu itaendeshwa juu ya FreeDOS, DOS ya bure, si ndani ya Windows (sababu nitazieleza chini), kwa hiyo niliijaribu hapo. Kadi hii ina nyaya za kweli na anwani ya kweli, ila anwani hiyo hupangwa na mashine inapowaka, na hapa ilipewa D010h. Orodha ya anwani za LPT ambayo DOS huitegemea huwekwa na mashine inapowaka mahali maalumu kwenye memori, 0040:0008. Nikaingia kwa DEBUG, programu ya DOS ya kugusa memori moja kwa moja, nikaandika 10 D0 pale, baiti ya chini ikitangulia. Printa ikachapa mstari safi. Nikasimama, nikaita chai. Kisha nikaanzisha programu: ufunguo haupo.

Ilinichukua muda kuelewa. Sehemu ya programu inayochapa inaheshimu ile orodha. Sehemu inayouliza ufunguo haisomi orodha yoyote: inakwenda 378h, 278h na 3BCh, basi. Ndani ya programu moja kulikuwa na desturi mbili, moja ya fundi wetu na nyingine ya waliotengeneza ufunguo.

Usiku huo kijana wangu alipendekeza tuvunje ulinzi. Vitu vya kufanyia vipo, sitajifanya sivijui. Nilikataa. Sikuwa na ruhusa ya mwenye programu, na zaidi ya hapo, faili likiguswa vibaya linaweza kufanya hesabu kwa makosa bila kuonyesha chochote, nami ndiye ningebeba lawama ya deni la mtu mwezi wa sita.

Njia ya tatu niliikuta nikichomoa kadi kwa hasira. Pembeni kabisa mwa bodi mpya, chini ya nafasi za kadi, kulikuwa na safu mbili za pini zisizo na kitu, ishirini na sita pungufu moja, na maandishi madogo meupe: LPT. Nilikuwa nimeifungua mashine ile mara tatu. Bodi za ofisi za miaka ile, hata zile zisizo na poti mgongoni, nyingi bado zina chipu inayobeba poti za zamani, pini zake zikiachwa kwenye bodi kwa atakayezihitaji. Kinachokosekana ni utepe wa nyaya na bamba lenye kichwa tu.

Bamba kama hilo nilikuwa nalo. Kompyuta nyingi za miaka ya 1990 hazikuwa na poti zilizogandishwa kwenye bodi, zilikuja na bamba la chuma na utepe, nami nina katoni ya mabamba hayo ambayo mke wangu ameshaomba mara nyingi niitupe. Umbali kati ya pini ulilingana, mm 2.54. Sikuchomeka kwa imani. Nilipima kila waya kwa multimeta: pini ya 1 ya bodi iende 1 ya kichwa, ya 2 iende 14, ya 3 iende 2, ya 4 iende 15, hivyo hivyo hadi mwisho, na kwamba 18 hadi 25 za kichwa zinagusa mwili wa mashine. Utepe mmoja wa katoni ulikuwa na waya uliokatika ndani, hauonekani kwa macho. Wa pili ulikuwa mzima.

Kwenye BIOS, programu ya ndani ya bodi inayowasha mashine, poti ilikuwa imezimwa. Nikaiwasha, anwani 378h, IRQ 7. Ufunguo ukajibu, kisha mara ya pili ukakataa, mara ya tatu ukajibu. Nikatoa hali ya ECP, ile ya kasi, nikaweka ile ya kawaida ya pande mbili. Nikaanzisha programu mara ishirini mfululizo, mama wa kaunta akihesabu kwa sauti. Mara zote ishirini ilifunguka.

Kwa nini FreeDOS

Zipo njia za kuendesha programu za DOS ndani ya Windows 10. DOSBox-X, kwa mfano, inaweza kupitisha poti halisi. Lakini hapo kati ya programu na ufunguo pangekuwa na Windows, dereva wa kufungulia poti, na kiigizaji, na kimoja kikisasishwa usiku, asubuhi duka halina ankara. FreeDOS iko moja kwa moja juu ya chuma. Mashine ya 2012 bado inawaka kwa njia ya BIOS ya zamani, na FreeDOS huongea na diski ya SATA (aina iliyochukua nafasi ya IDE) kupitia BIOS hiyo, kwa hiyo sikugusa mpangilio wa AHCI (namna bodi inavyoongea na diski), ambao kuubadilisha kungeweza kuifanya Windows ikatae kuwaka.

Niliweka diski ndogo ya pili, nikatenga GB 1 tu kwa DOS. Programu za umri ule zikiona nafasi tupu kubwa kupita hesabu yao zinaweza kusema diski imejaa. Kibodi nikaiweka ya Kifaransa kwa amri ya KEYB. Jaribio la kwanza programu ilikufa na kosa namba 4 la DOS, yaani mafaili mengi mno yamefunguliwa kwa pamoja. Dawa ilikuwa kwenye nakala ya diski ya zamani: mstari wa FILES na ule wa SET CLIPPER. Nilikuwa nimeihamisha folda ya programu nikasahau mafaili mawili ya kuwashia mashine, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakiishikilia miaka yote.

Matokeo

Siku ya nane ankara ya kwanza ilitoka, karatasi tatu, namba ikiendelea pale ilipoishia. Mlinzi wa depo aliigeuza akaangalia nyuma, akatoa mabati.

Mwisho wa siku faili dogo la amri hunakili data kwenye flashi. BIOS ya mashine hii huionyesha flashi kwa DOS kama diski, mradi iwe imechomekwa kabla ya kuwasha. Wakisahau, hakuna nakala siku hiyo. Wiki ya kwanza walisahau mara mbili. Sasa flashi imefungwa na uzi kwenye mguu wa meza, haitoki kabisa, na Papa ana ya pili anayobadilishana nayo kila Jumamosi na kwenda nayo nyumbani.

Kilichofaa

Kuwatoa wadaiwa kabla ya kitu kingine. Kwangu mimi huo ndio uamuzi uliookoa kazi yote, kwani baada ya siku ya kwanza nilikuwa natafuta ufundi, si kuzima moto. Ningekuwa na Papa mlangoni kila saa ningevunja ule ulinzi.

Kupima utepe waya kwa waya pia. Na kule kuiacha Windows nje ya njia ya ankara, ingawa hilo lina upande wa pili.

Kilichoshindwa

Fedha ya kebo na ya kadi ilipotea, pamoja na siku tano. Nilifikiri "mashine mpya haina poti" kwa sababu niliangalia mgongo wake kama mteja anavyoangalia. Namba ya bodi imeandikwa juu yake. Kutafuta kitabu chake kungechukua dakika kumi, na mchoro ungenionyesha zile pini kabla sijatoa hata senti. Sasa hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, hata kabla ya bisibisi. Kadi nimebaki nayo mimi, sikumlipisha Papa.

Pia ningetambua mapema kwamba maswali yalikuwa matatu na si moja. Kuna umbo: kichwa kinaingia? Kuna umeme: nyaya zinapandishwa na kushushwa na nani? Na kuna anwani: programu inatafuta wapi? Kebo ya USB ilifaulu la kwanza. Kadi ilifaulu mawili. Mimi kila mara nilisherehekea la kwanza.

Kosa kubwa zaidi halikuwa la ufundi. Niliongea na Papa, nikaongea na mama wa kaunta, lakini sikumuuliza aliyenunua mashine alikuwa ameinunua kwa ajili gani. Mtoto wa Papa alitaka Excel na WhatsApp ya duka kwenye skrini kubwa. Niliweka mlango wa kuchagua wakati wa kuwasha: DOS au Windows. Kwenye karatasi ni sawa. Dukani hakuna anayezima ankara wateja wakiwa foleni ili mtu mmoja aandike barua, na mwezi wa kwanza Windows iliwashwa mara tatu. "Yaya," yaani kaka, aliniambia, "nilinunua makina, mukanigeuzia ya Papa." Alikuwa na haki. Baadaye alinunua kompyuta ndogo ya mkononi, gharama ambayo tungeipanga mwanzoni.

Ufunguo wenyewe bado ni mmoja, wa plastiki iliyoanza kugeuka njano, na hauna mwenzake. Kwa hiyo tumekubaliana wateja wahamishwe kidogo kidogo kwenye jedwali la LibreOffice, kutoka yale mafaili ya DBF, Papa akithibitisha kila deni kwa mdomo kabla halijaandikwa. Nilipopita pale mara ya mwisho walikuwa wamefika herufi M. Printa ilikuwa inagonga, na Papa alikuwa anabishana na mtoto wake kuhusu mdaiwa mmoja wa mwaka 2009.